Tahadhari kwa wanaotafuta kazi Nakuru: ofisi inayotoza pesa za "cheti na sare"

Mwenye ndugu au rafiki anayetafuta kazi Nakuru amfikishie haya. Kuna watu wamekodi chumba katikati ya mji, wanajiita ofisi ya kuajiri, na wanawatoza vijana pesa kwa kazi ambazo hazipo. Mpwa wangu ni mmoja wa waliolizwa wiki jana.

Unatumiwa ujumbe kwamba umechaguliwa kuwa keshia au karani wa stoo wa supamaketi, uje saa mbili asubuhi na vyeti halisi. Ukifika kuna foleni, fomu na mihuri mezani, na dada mpole anayekuita kwa jina. Maswali mawili matatu, unapongezwa. Hapo ndipo pesa zinapotajwa: cheti cha tabia njema "watakushughulikia" kwa 2,500, sare 1,200, na ulipe kabla ya saa sita kwa sababu nafasi zinajaa. Unatuma kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kitambulisho na cheti cha kidato cha nne wanabaki navyo "kwa uhakiki". Siku ya kuripoti unaambiwa kazi imehamishiwa Naivasha, usubiri simu. Hiyo simu haiji.

Cheti cha tabia njema, kile cha polisi, unajiombea mwenyewe kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, kisha unaenda kuchukuliwa alama za vidole. Na tangu Sheria ya Ajira ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti vya namna hiyo kama hana nia ya kukupa mkataba wa maandishi. Kwa hiyo anayekitaka kabla hata hajakuonyesha mkataba, muulize mkataba uko wapi. Mawakala wa ajira nao sharti wasajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tafuta jina lao huko kabla ya kupanda ngazi za ofisi yao.

Pesa ni hasara, lakini kitambulisho kinanitia hofu zaidi. Mkononi mwa tapeli kinaweza kusajili laini au kukopea mikopo kwa jina lako. Peleka nakala, halisi ionekane na irudi mfukoni.

Waajiri wa kweli, nanyi nawasihi. Juzi shule moja ilimpigia mpwa wangu kumwita kwa mahojiano, akakata simu akidhani ni wale wale. Andikeni jina la taasisi na mahali ilipo kwenye ujumbe wa kwanza, mtu apate pa kuulizia kabla ya kutoka nyumbani.

Uliyetuma pesa sasa hivi, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa namba 456 ya Safaricom haraka kabla hawajazitoa, na namba yao iripoti kwa 333, ya Safaricom pia. Waliotapeliwa hapo niandikieni faraghani. Alhamisi asubuhi tunakwenda pamoja kituo cha polisi kuandikisha taarifa na kudai vyeti. Usifute ujumbe wowote waliokutumia.