Springi, roka na puli za 6D16: nilichonunua na nilichokataa

Fuso yangu ni lori la Fighter lenye injini ya 6D16, ile dizeli ya lita 7.5 isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa). Natoka Dodoma na saruji kwenda Manyoni na Singida, narudi na alizeti. Ilianza kutoa moshi wa bluu kila ikiwashwa asubuhi, oili ikawa inapungua, na juu ya injini kulikuwa na mlio ambao kuseti tapeti (kurekebisha nafasi kati ya roka, yaani mkono unaosukuma valvu, na valvu yenyewe) hakukuumaliza. Kompresheni ilipopimwa, silinda zote sita zilikuwa karibu sawa, kwa hiyo pistoni na ringi tukaziacha zilivyo. Kazi ikabaki kwenye hedi, kichwa cha injini chenye valvu, na mbele ya injini tukaona tubadilishe puli na mikanda hapohapo.

Vifaa niliagiza Gerezani, Dar es Salaam. Muuzaji alianza na seti ya springi ngumu za valvu, zile za "kuongeza nguvu", kwa bei karibu mara tatu ya seti ya kawaida. Nilizikataa. Springi ngumu ina maana pale injini inapozunguka kasi mpaka valvu inashindwa kufuata kemshafti, shafti inayozifungua. 6D16 ni dizeli ya pushrodi (fito ndefu zinazosukuma roka), na juu ya mizunguko 3,000 kwa dakika haina kazi ya kufanya. Ukiifunga springi hizo unaibebesha kemshafti, tapeti na bushi za roka mzigo mkubwa zaidi, na mlimani hupati hata gia moja ya ziada. Anayesema Fuso yake imekuwa nyepesi baada ya springi hizo, mimi nadhani wepesi umetoka kwenye valvu zilizosagwa vizuri siku ileile.

Nilichochukua ni valvu 12 za Fuji Oozx, gaidi mpya (mirija ambamo shina la valvu hupita), sili za valvu za kuzuia oili, springi za kiwango cha kiwandani na bushi za roka. Valvu sina malalamiko nazo. Gaidi ndizo zilizomaliza moshi: za zamani zilikuwa zimelika kiasi kwamba ukishika valvu kwa kidole inacheza, na sili mpya juu ya gaidi iliyolika haidumu.

Bushi za roka ndizo zilizoniudhi. Boksi liliandikwa Japani, ila baadhi ya bushi tundu la oili halikukaa sawa na tundu la roka. Zingefungwa hivyo, roka zingekauka na kujila. Fundi aliziona kabla ya kuzigongea, duka likabadilisha baada ya simu nyingi, na nauli ya basi ya kutuma na kupokea ikawa juu yangu. Ukipokea bushi, pitisha waya kwenye tundu kwanza. Na zikishaingia zinahitaji kurima (kupanua tundu kidogo kwa kifaa kiitwacho rima) mpaka shafti iteleze bila kucheza. Fundi asiye na rima atakwambia "itajifungua yenyewe", huyo mwepuke.

Kuna jambo moja ambalo wengi tunalipita. Siti ya valvu, yaani sehemu ya hedi ambapo valvu inakaa ikijifunga, ikichongwa, valvu inazama ndani ya hedi na shina lake linapanda juu. Springi inapata nafasi zaidi, inalegea, hata kama ni mpya kutoka kwenye boksi. Tulipima urefu wa kila springi ikiwa imefungwa na kuweka washa chini ya zile zilizozidi. Kama valvu imezama kupita kipimo cha kitabu, washa haisaidii, siti inabadilishwa. Tapeti zilisetiwa milimita 0.40 kwa valvu zote, injini ikiwa baridi, kisha zikarudiwa baada ya safari ya kwanza na hedi kukazwa tena.

Kwenye puli nilipewa mbili za kuvutia. Ya kwanza ya alumini, nyepesi, ya kufunga kwenye kirenki, shafti kuu ya injini. Hapana kabisa. Kirenki ya silinda sita mstari mmoja ni ndefu, kila mlipuko unaisokota kidogo, na dampa iliyo pale mbele ndiyo inayotuliza msokoto huo. Ukiweka puli tupu isiyo na dampa unaweza kuja kuikuta kirenki imekatika, na hapo utalia kuliko bei ya puli. Ya pili ilikuwa puli ndogo ya pampu ya maji ili feni izunguke haraka. Joto la Bahi mchana linashawishi, lakini feni ikiongezwa kasi kwa robo, nguvu inayokula inakaribia mara mbili. Na Dodoma tupo mita 1,100 hivi juu ya bahari. Injini isiyo na tabo tayari imeshapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya hewa yake. Nguvu ya kuipa feni niitoe wapi? Nilisafisha rejeta, nikafunga puli mpya ya kipimo kilekile cha zamani.

Puli za zamani zilikuwa zimeisha kweli. Sakafu ya mfereji iling'aa, maana yake mkanda ulikuwa umekaa chini badala ya kushika kwa kuta zake, ndiyo maana ulipiga kelele hata ukikazwa, na alternata haikuchaji vizuri usiku. Mikanda ni Bando, nimebadilisha yote miwili pamoja; ukichanganya mpya na wa zamani, mpya unabeba mzigo peke yake.

Sasa asubuhi moshi wa bluu hakuna, oili haisogei sana kwenye kijiti kati ya sevisi na sevisi, na mlima wa Saranda nikiwa na mzigo kamili napanda kwa gia ileile ya zamani ila bila kuchemsha. Valvu na mikanda navipa alama tano kwa tano, bushi alama mbili. Mwenye Canter ya 4D33 anaweza kufuata haya haya kwa valvu nane. Mwenye tabo azungumze na fundi wake, mimi hiyo sijaifungua.