Gari la mtumba la kujenga: lipi linafaa Dodoma, kwa mpangilio

Neno Mtumba hapa Dodoma lina maana mbili, na moja ni Mji wa Serikali. Sisi tunazungumzia ile nyingine: gari lililokwishatumika, unalolinunua ili ulivue, ulijenge upya na ulibadilishe likae unavyotaka. Tumeyapanga magari yenyewe kwa kigezo kimoja ambacho wanunuzi wengi hukigeuza kichwa chini miguu juu: bodi na kadi ya usajili kwanza, injini mwisho. Injini ya Toyota iliyotumika utaipata Gerezani, Kariakoo, na wiki hiyohiyo imeshuka Dodoma kwa lori. Chesisi iliyopinda, wayaringi uliokatwakatwa au kadi yenye jina la mtu asiyejulikana alipo, vitu hivyo hakuna duka linaloviuza.

Ukiwa na shilingi kumi, gari lisizidi sita. Nne zilizobaki zitaliwa na rejeta, breki, bushi na tairi kabla hujafungua boksi la kitu kinachong'aa.

Dodoma yenyewe inabadilisha hesabu. Mji uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, nacho hushuka: injini inayosoma psi 180 Dar es Salaam itasoma kama 157 hadi 160 hapa, na huo si ugonjwa. Ugonjwa ni silinda moja kuachana na nyingine kwa zaidi ya asilimia 10. Maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, hivyo mfuniko wa rejeta uliolegea unatosha kuchemsha gari zima. Badilisha mfuniko kabla hujalaumu gasketi. Tumia kulanti, ile dawa ya kupozea injini, usitumie maji ya kisima: chumvi yake hujenga ukoko ndani ya mirija ya rejeta na hakuna anayeuona mpaka gari limechemka.

Heri yetu ni ukame. Gari lililokaa Tanga au Dar kwa miaka mingi huliwa na kutu chini ya milango na kwenye sakafu; lililokaa Dodoma au Singida huwa kavu. Jua limepasua dashibodi na raba za milango, vumbi limeingia kila mahali, lakini bati ni zima. Ukiagiza Japani, soma karatasi ya mnada: S na C ni kutu, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni sehemu iliyobadilishwa, na daraja la R ni gari lililotengenezwa baada ya ajali. Gari lililokaa mikoa ya theluji kama Hokkaido hupitia barabara zenye chumvi, basi omba picha za chini. Kumbuka pia kwamba TRA hutoza ushuru wa ziada kwa gari lenye zaidi ya miaka 8, na karibu yote tunayoyataja hapa yameshavuka hapo. Ndiyo maana kwa kazi ya kujenga tunapendelea lililokwisha kusajiliwa nchini. Usidanganywe na "namba D": herufi inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, si lini liliundwa. Mwaka wake utauthibitisha kwa namba ya chesisi.

1. Toyota Mark II GX100 na GX110, pamoja na Chaser na Cresta za GX100

Hakuna mpinzani. Linavuta kwa magurudumu ya nyuma, lina nafasi kubwa ya injini, na kila gereji kuanzia Kizota hadi Majengo imeshalifungua. Linakuja na injini ya 1G-FE, silinda sita, cc 1,988. Toleo la VVT-i, lenye kurekebisha muda wa valvu kadiri injini inavyozunguka, lina nguvu farasi 160. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kama huna ushahidi wa mara ya mwisho, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Kwenye VVT-i mkanda ukikatika, valvu hukutana na pistoni.

Uzuri wake ni kwamba ndugu zake wa JZX100 na JZX110 walitoka kiwandani na 1JZ, cc 2,491, kwa bodi ileile. Kwa hiyo kubadilisha injini si kubuni, ni kunakili kiwanda. Ukinunua 1JZ-GTE, yaani 1JZ yenye turbo, usikubali injini tupu. Unatakiwa upewe injini na turbo yake, giaboksi, kompyuta na wayaringi mzima usiokatwa, mounting za injini na giaboksi, propela shafti, sensa ya hewa au ya presha, pampu ya stelingi, na interkula na mabomba yake. Kitu kinachokosekana zaidi ni ule wayaringi. Muuzaji akikuambia "utaunganisha tu", ongeza wiki tatu na fundi umeme mzuri kwenye bajeti, au ondoka.

Pampu ya mafuta ya GX100 haitoshi kwa turbo. Weka ya lita 255 kwa saa pamoja na waya mnene wenye relei yake, kwa sababu waya wa zamani hushusha umeme na pampu hukosa nguvu wakati hasa unapokanyaga. Turbo ya 1JZ-GTE ya VVT-i ina feni ya kauri upande wa moshi. Ukizidisha presha kupita baa 1, kauri hupasuka. Hapa Dodoma hewa nyepesi tayari inaifanya turbo izunguke kasi zaidi ili kutoa presha ileile, basi kaa kwenye baa 0.8 na uridhike. Breki za mbele zitoke kwenye gari la turbo, na rimu ziwe inchi 16 au zaidi ili zisigusane na kalipa.

Kasoro za kutafuta kwenye gari lenyewe: oili ikivuja nyuma ya kava la valvu na kudondokea kwenye ekzosti (utasikia harufu kabla ya kuona moshi), bushi za mikono ya nyuma zilizokufa ambazo hula tairi upande wa ndani, na alama za kuchomelea kwenye minara ya shokapu. Ya kwanza ni gasketi tu. Ya mwisho, funga mlango uende.

2. Suzuki Escudo ya kwanza na Jimny JB23

Kama safari zako ni Kondoa vijijini, Bahi au Mpwapwa, hii ndiyo namba moja yako. Yote mawili yana chesisi ya ngazi na gia ndogo ya chini. Escudo ina G16A ya cc 1,590, injini isiyo na maringo. Kagua chesisi yake nyuma, pale mikono ya ekseli inaposhikwa. Ndipo kutu inapoanzia.

Jimny ina K6A ya cc 658 yenye turbo. Injini ya jina hilohilo, bila turbo, imo kwenye baadhi ya Suzuki Carry, zile tunazoziita kirikuu, kwa hiyo mafundi wanaifahamu. Inaendeshwa na cheni, na cheni haipendi oili chafu: ibadilishe kila kilomita 5,000, basi, si 7,000. Ugonjwa maarufu wa Jimny ni usukani kutetemeka vikali ukifika kilomita 70 kwa saa. Wengi hununua stelingi dampa mpya, ambayo huficha tu tatizo. Anza na balansi ya tairi, kisha bushi za fimbo ndefu inayoshika ekseli ya mbele, kisha bearing za kingpini.

Kuinua sentimita 5 kunatosha. Zaidi ya hapo unaanza kununua vitu usivyovipangia: hosi ndefu za breki, bushi za kurekebisha kesta (mlalo wa ekseli ya mbele unaonyoosha usukani), fimbo inayorekebishika. Tairi 215/75R15 huzidi kipenyo cha 175/80R16 kwa asilimia 2.5, basi spidomita itakuonyesha mwendo pungufu kidogo ya uliopo.

3. Land Cruiser mkonga, la mnadani

Taasisi za umma zimejaa hapa na magari yake chakavu hupigwa mnada. Mkonga, yaani Land Cruiser ya mfululizo wa 70, wenye injini ya 1HZ, dizeli ya cc 4,164, ni gari la kurithisha wajukuu. Lakini la mnadani huuzwa lilivyo, na mara nyingi limevuliwa: alteneta, stata, hata pampu ya nozeli. Hesabu vilivyopotea kabla ya kupandisha mkono. Lililokuwa na namba za STK (serikali), SU (shirika la umma) au DFP (mradi wa wafadhili) lazima lisajiliwe upya kwa namba za binafsi, hivyo nyaraka za mnada zishikwe kama pesa taslimu.

Kuweka turbo kwenye 1HZ kunawezekana, ila kichwa chake hupasuka kikipata joto. Presha isizidi baa 0.5, na uweke kipima joto cha moshi kabla ya turbo. Ukikosa kipimo hicho, acha. Angalizo la spea: kuanzia 1999 ekseli ya mbele ilipata springi za koili na rimu za nati tano, kabla ya hapo ni nati sita.

4. Toyota Altezza

Zuri, ila soma kibao cha chesisi. SXE10 ina 3S-GE ya farasi 210 na gia sita za mkono; GXE10 ina 1G-FE ileile ya Mark II. Wauzaji huziita zote "RS". Nguvu ya 3S-GE iko juu, karibu na mizunguko 7,600, na mwinuko wetu huila hukohuko. Boljointi za chini mbele zikilegea, badilisha siku hiyohiyo: zikichomoka, gurudumu hulala.

5. Subaru Impreza na Forester za injini ya EJ20

Tunazipenda, na ndiyo maana tunaziweka chini. Oili ikipungua, bearing za konrodi hugonga, kwa hiyo dipstiki ipimwe kila kilomita 1,000. Injini ikipata moto, tazama mapovu kwenye tangi la akiba la kulanti, bila kugusa mfuniko wa rejeta: yakiwepo, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Halafu tairi. Miba ya huku ikitoboa moja usinunue moja; mzingo wa tairi zote nne usitofautiane kwa zaidi ya milimita 6, la sivyo difu ya kati hujichosha mpaka ife.

Mabadiliko yanayoharibu gari lolote kati ya haya

Filta ya koni iliyo wazi. Kwa vumbi la Dodoma ni mchanga kwenye ringi. Baki na boksi la kiwanda na filta ya karatasi, ipulizwe kila kilomita 5,000 na ibadilishwe kila 10,000. Kukata springi ni kosa la pili: springi hucheza nje ya kiti chake na shokapu hufika mwisho kwenye kila tuta. Ukitaka kushusha, sentimita 3 na shokapu zinazolingana. Na baada ya kubadilisha injini, pitisha gari kwa ukaguzi wa polisi, kisha TRA kadi isomeke namba na cc mpya, kisha mjulishe aliyekukatia bima kubwa. Siku ya ajali namba ya injini husomwa kwanza.

Na yale magari ya kuunga mwenyewe kutoka kwenye vipande?

Lile la asili ni Lotus Seven ya 1957, ambayo tangu 1973 huundwa na Caterham huko Uingereza: bomba za chuma, bati jepesi, kilo 500 na ushee. Kulichomelea si tatizo, mafundi wetu wa mageti wanaweza fremu kama hiyo macho yamefumbwa. Tatizo ni kwamba usajili huanzia kwenye namba ya chesisi ya kiwanda ambayo fremu yako haina, na tumbo la gari hilo liko kama sentimita 10 kutoka ardhini. Tuta la kwanza barabara ya Iringa litalibeba kama mizani.