Nimeirudia katuni ya Batman ya mwaka 1992, na safari hii nimeyasikia maneno

Utotoni, kaka yangu ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Tulikaa sakafuni mbele ya runinga, yeye karibu zaidi kwa kuwa ndiye mkubwa, na kila mtu alipofungua mdomo ndani ya katuni, kaka alinigeukia na kuniambia kasema nini. Kwa hiyo Batman niliyekua naye ni Batman wa kaka. Huyo alikuwa staringi, na staringi hafi. Waliobaki wote walikuwa maadui, na adui alikuwa na kazi moja tu: kupigwa mwishoni.

Miezi michache iliyopita nimeitazama tena Batman: The Animated Series, yote, bila kuruka. Ni episodi 85, kila moja kama dakika 22, yaani zaidi ya saa 31. Nilitazama mbili au tatu kila usiku nyumba ikishatulia. Nilianza kwa hofu, maana nimewahi kurudia vitu nilivyovipenda utotoni nikajuta. Unakuta kilichokuwa kikubwa ni utoto wenyewe, kitu chenyewe kidogo tu. Hii haikuniangusha. Na kuna mambo ndani yake ambayo mtoto asingeweza kuyaona hata angekaa nayo karibu kiasi gani.

Utangulizi ulinishika palepale. Dakika moja tu: benki inalipuka, wezi wawili wanakimbilia juu ya paa, kivuli kinawatokea, bastola zinawaruka mikononi, halafu radi inapiga na sura yake inaonekana. Hakuna anayesema neno. Hata jina la katuni halijaandikwa popote. Waliwaamini watazamaji kiasi hicho, wakiwemo watoto wa miaka sita, kwamba watajua ni nani huyo aliyesimama juu ya jengo.

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mji wa Gotham haupambazuki. Sasa nimejua hisia ile ilitoka wapi. Eric Radomski, aliyeitengeneza katuni hii pamoja na Bruce Timm, aliamua mandhari zichorwe juu ya karatasi nyeusi badala ya nyeupe. Kwa kawaida mchoraji huongeza giza pale anapolitaka. Hapa giza lilikuwepo tayari, kazi ya mchoraji ikawa kuongeza mwanga: dirisha moja, taa ya barabarani, ukingo wa jengo. Ukilijua hilo huwezi kuacha kulitazama. Kuna nyakati nilisimamisha picha ili niangalie ukuta tu. Magari ni ya mtindo wa miaka ya 1940, runinga zao hazina rangi, polisi wanapita angani kwa vyombo vikubwa kama maputo, lakini kwenye pango la Batman kuna kompyuta. Haiko katika mwaka wowote unaoweza kuutaja, na nadhani ndiyo maana haijachakaa.

Muziki nao. Mtoto asiyeelewa maneno husikiliza kila kitu kingine, na ninaamini nusu ya hadithi nilisimuliwa na Shirley Walker bila kumjua. Yeye ndiye aliyeongoza kazi ya muziki wa katuni hii. Wimbo wa utangulizi ni wa Danny Elfman, lakini ukishaingia ndani ya hadithi ni Walker na watunzi wenzake, na kila episodi ilipigiwa muziki wake na okestra ya watu halisi. Hakuna kiraka cha muziki kilichokatwa huku na kubandikwa kule. Adui mkubwa ana wimbo wake, na wimbo huo hubadilika yeye anapobadilika. Safari hii nilivaa vipokea sauti vya masikioni, na ninamshauri yeyote afanye vivyo hivyo.

Kisha maneno. Nimeyasikia kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote hii.

Nianze na Mr. Freeze. Kwa tafsiri ya kaka, huyu alikuwa roboti wa barafu aliyetaka kugandisha mji kwa sababu ana roho mbaya. Alikuwa pia na kidoli cha msichana anayecheza densi ndani ya tufe la kioo. Kaka alisema ni cha binti yake, mimi nikakubali, tukasonga mbele. Episodi yenyewe inaitwa "Heart of Ice", imeandikwa na Paul Dini na kuongozwa na Bruce Timm, na ilipata tuzo ya Daytime Emmy ya uandishi. Freeze si roboti. Ni Victor Fries, mwanasayansi ambaye mke wake, Nora, alikuwa mgonjwa asiye na tiba. Alimhifadhi ndani ya baridi kali ili amsubirie dawa. Mkubwa wa kampuni aliyomfanyia kazi, Ferris Boyle, akaona gharama ni kubwa, akaja na walinzi kuzima mitambo. Fries alipomsihi alipigwa teke akaangukia kwenye kemikali, na tangu siku hiyo mwili wake hauwezi kuishi nje ya baridi. Boyle huyohuyo ndiye tunayemkuta akipewa tuzo ya utu wema.

Mwishoni Freeze yuko seli, theluji inaanguka nje ya dirisha, amekishika kile kidoli akimwomba mke wake msamaha. Nilikaa kimya mpaka majina yote yakaisha kupita. Sauti ya Michael Ansara haipandi wala haishuki kwa dakika zote 22. Yeye mwenyewe anaamini hana hisia tena, na ukimsikiliza vizuri unajua kwamba si kweli. Kabla ya katuni hii Mr. Freeze alikuwa adui mdogo wa vitabu vya katuni, mtu wa bunduki ya barafu basi. Habari ya Nora ilitungwa hapa, na baadaye vitabu vyenyewe vikaichukua.

Ninachompendea Batman katika episodi hiyo ni kwamba anamshinda Freeze huku akiwa na mafua, kwa chupa ya supu ya moto aliyopewa na Alfred, mtumishi wake wa nyumbani, halafu anaukabidhi kwa waandishi wa habari mkanda unaomwonyesha Boyle alichokifanya. Kwa kaka, staringi alikuwa amemaliza kazi pale Freeze alipoanguka. Sasa naona kazi ilikuwa na nusu ya pili, na hatukuijua.

Kilichonitokea kwa Two-Face kinafanana. Nakumbuka tulicheka sana alipopiga magoti akifukua rundo la sarafu. "Anatafuta hela zake," kaka aliniambia. Si hela. Two-Face ni Harvey Dent, mwendesha mashtaka na rafiki wa Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe asipovaa vazi lake. Alikuwa ameishi na hasira aliyoifungia ndani tangu utotoni, na baada ya mlipuko ule uliomharibu nusu ya uso hawezi kuamua jambo lolote bila kurusha sarafu yake moja. Batman anamwaga sarafu nyingine nyingi ili ile moja ipotee katikati yake, na mtu mzima anaporomoka mbele yetu kwa sababu hajui tena lililo sahihi. Nililitazama tukio hilo mara mbili. Mara ya pili niliona kwamba Batman hafurahii hata kidogo. Anamtazama rafiki yake.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa niliyoikuta. Mtoto anamwangalia staringi, na katuni hii inamruhusu, maana kofi zipo na gari lile jeusi lipo. Ila walioiandika walikuwa wakimwangalia adui, na hawakunitaka nimchukie. Karibu kila mmoja kati ya wale wakubwa kuna kitu alikipoteza, na Batman, ambaye wazazi wake waliuawa mbele ya macho yake, anakijua kitu hicho. Anawapiga, ndiyo, lakini mara nyingi huanza kwa kuwaomba waache.

Joker si mmoja wao, na ni vizuri hivyo. Sauti yake ni ya Mark Hamill, yuleyule Luke Skywalker wa Star Wars, na hana kicheko kimoja. Ana kicheko cha kufurahi, cha kutisha, cha kukasirika, na kile kifupi kinachomaanisha mtu anakaribia kuumia. Katika "Joker's Favor" mtu wa kawaida kabisa, Charlie Collins, anamtukana dereva mwenzake barabarani, kumbe dereva ni Joker. Miaka inapita, anahama, anabadilisha jina, na bado Joker anampigia simu kudai deni. Nilipokuwa mdogo niliiona inachekesha. Leo sioni mtu mwingine ndani yake isipokuwa Charlie. Episodi hiyohiyo ndiyo iliyomleta ulimwenguni Harley Quinn, msaidizi wa Joker anayempenda. Hakuwepo kwenye vitabu kabla ya hapo. Arleen Sorkin alimpa sauti tamu sana, na kwa sababu hiyo inauma zaidi kumwona jinsi anavyotukanwa, kufukuzwa na kurudi tena kwa Joker. Tulidhani ni vichekesho vya wapenzi. Ukiwa na binti, au dada, au rafiki aliyepita huko, utaitazama "Harley and Ivy" kwa macho mengine.

Kevin Conroy ninamwekea nafasi yake. Alimpa Bruce Wayne sauti moja, nyepesi na ya tajiri asiye na shida, na Batman sauti nyingine iliyo chini, bila kupiga kelele. Sikiliza anapokuwa peke yake na Alfred: anaongea kwa ile ya Batman. Ile nyingine ndiyo kinyago. Waigizaji walirekodi wakiwa pamoja chini ya Andrea Romano, mwongozaji wa sauti, na inasikika, kwa maana wanajibizana kama watu walio chumba kimoja. Conroy alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 66. Katika "Robin's Reckoning" anamweleza Robin, kijana anayepigana pamoja naye, kwa nini hakumtaka kwenye msako wa mtu aliyewaua wazazi wake: aliogopa mtu yule, aliyekwisha kumpokonya Robin mengi, asije akampokonya Batman huyu kijana pia. Hata hivyo anasema kwa sauti ileile ya chini. Hajui nyingine ya kusemea mapenzi.

Sasa, si zote ni nzuri. Kazi ya kuchora mijongeo iligawanywa kwa studio mbalimbali, nyingi zikiwa za Asia, na utaziona tofauti bila kuambiwa na mtu. Sehemu ya pili ya "Feat of Clay", iliyochorwa na TMS ya Japani, ni maajabu. Mwili wa Clayface, adui wa udongo, unavyoyeyuka na kugeuka sura za watu sijaona mfano wake kwenye katuni za runinga za wakati ule. Halafu unakutana na "Moon of the Wolf", nyuso zimepinda na watu wanakimbia kama wamefungwa kamba. "I've Got Batman in My Basement", ile ya watoto wanaomficha Batman, niliipenda sana zamani, na sasa imenichosha. Zile za mwishoni, Robin alipoingizwa karibu kila mahali, zina haraka ya kuwafurahisha watoto, na ule ukimya wa mwanzo unapungua.

Kwa anayetaka kuanza: mpangilio usikusumbue, hadithi nyingi zinajitegemea, isipokuwa zile zenye sehemu mbili. Anza na "Heart of Ice" au na "On Leather Wings", ambayo ndiyo waliyoitengeneza kwanza. Toleo lililosafishwa picha mwaka 2018 ni zuri, giza lake ni giza kweli. Kwa watoto, damu karibu haionekani na hakuna ukatili wa kutisha, kwa sababu kituo kilichoirusha kilikuwa na masharti makali. Huzuni ndiyo inayopenya. Kaa nao.

Nimeiacha "Beware the Gray Ghost" mwishoni kwa makusudi. Bruce Wayne, kumbe, naye alikuwa na shujaa wake wa runinga utotoni, Gray Ghost, aliyemtazama akiwa na baba yake. Sasa mwigizaji wake, Simon Trent, ni mzee asiye na kazi anayeuza vazi la shujaa yule ili alipe kodi. Sauti ya Trent ni ya Adam West, ambaye mwenyewe alikuwa Batman wa runinga miaka ya 1960. Batman anamhitaji ili kumkamata mtu anayelipua majengo kwa njia ileile ya kipindi cha zamani, na mwishoni Bruce anamwambia yule mzee kwamba alikuwa shujaa wake, na bado ni shujaa wake.

Usiku huo nilimpigia kaka. Nilimsimulia Freeze, na Nora, na kidoli ambacho hakikuwa cha binti yeyote. Nilimsimulia sarafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya kidogo, ndipo akaniambia kwamba siku zile hakuwa akielewa hata sentensi moja. Alikuwa akiangalia midomo yao na kunitungia, kwa sababu nilikuwa nimeuliza na hakutaka nikose.

Jumamosi tunaanza upya, yeye kwake na mimi kwangu, tukibonyeza kwa pamoja huku simu iko wazi. Amechagua "Feat of Clay". Ameniomba nisimwambie chochote kabla.