Beji ya kazini inayosomwa hewani: nyota mbili

Nianze na uzuri wake, maana upo. Kadi ya zamani ilibidi uigusishe mlangoni mara mbili tatu ndipo ikubali. Hii mpya inaning'inia shingoni tu, unapita na geti linafunguka lenyewe hata kama mikono imejaa mafaili na chupa ya chai. Haina betri, inapata nguvu kutoka kwenye mawimbi ya kisomaji, kisha inarudisha namba yako. Foleni ya asubuhi imekwisha kabisa.

Shida ni kwamba visomaji havikuishia getini. Kadi ya kugusisha husomwa kwa sentimita chache, kwa hiyo unajua umesomwa lini, mkono umeunyoosha mwenyewe. Hizi zetu za UHF, yaani zinazotumia aina ya mawimbi ya redio yanayofika mbali zaidi, zinasomwa kutoka mita kadhaa, na visanduku vyeupe vimefungwa darini kwenye korido, kantini na mlango wa chumba cha kuswalia. Hakuna mlio wala taa.

Siku moja dada wa utumishi akaniuliza, tena kwa upole, "Kaka, mbona adhuhuri unakaa sana ghorofa ya tatu?" Ghorofa ya tatu kuna nini zaidi ya mikeka? Kwenye skrini yake niliona jina langu, namba ya kisomaji, saa ya kuingia na ya kutoka, siku baada ya siku. Dini yangu sikuijaza kwenye fomu yoyote pale, lakini tayari wanayo.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, nayo inataka mtu aambiwe taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani. Nikaandika barua: kumbukumbu hizi zinakaa muda gani, na nani anaziona? Jibu likaja mstari mmoja, "ni kwa usalama." Haya.

Ukiitia beji mfuko wa suruali ikabana mwilini, mara nyingi haisomeki, maana mwili una maji na maji hunyonya mawimbi hayo. Ila kanuni ya ofisi inadai ionekane kifuani, basi umekwama. Wakiviondoa visomaji vya kantini na cha chumba cha kuswalia nitaongeza nyota mbili. Na ukitoka kazini ivue kabla hujapanda daladala, kwa sababu beji za kawaida za aina hii humjibu yeyote mwenye kisomaji chake, si mwajiri peke yake.