Leucophyllum kwenye bustani kavu ya Iringa: uzoefu wangu

Ukitaka kichaka cha rangi ya fedha, chenye majani mwaka mzima na kisichodai maji mengi kuanzia Mei hadi Novemba, basi Leucophyllum frutescens kinafaa kununuliwa kwa bustani za Iringa mjini, Isimani na Pawaga. Kwa Tukuyu au Mufindi sikipendekezi hata kidogo. Asili yake ni nyika za Texas na kaskazini mwa Meksiko, penye mvua haba na udongo wenye chokaa. Kwa hiyo huku kwetu kiangazi hakikisumbui. Kinachokiua ni masika.

Kitaluni usitegemee jina utakalotajiwa, tazama mche wenyewe. Majani ni madogo, sentimita 1 hadi 2.5, yamefunikwa na malaika (vinyweleo) meupe laini. Malaika hayo hurudisha mwanga wa jua na kupunguza maji yanayopotea. Mche wenye matawi marefu malegevu na majani machache umekaa kivulini mno. Hupona ukipata jua, ila usiulipie bei ya mche mzuri. Ukishachana kiriba, angalia mizizi. Kama imejizungusha, ikate kwa kisu kikali sehemu tatu au nne ubavuni, la sivyo itaendelea kujizungusha humo humo na upepo wa kiangazi utakilaza kichaka.

Jambo la kulishughulikia kuliko yote ni mahali pa kupanda. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, jaza maji, yaache yanywewe, kisha jaza tena. Yakiwa bado yamesimama baada ya muda wa saa nne, usipande hapo bila tuta. Wengi huchimba shimo kubwa kwenye mfinyanzi na kulijaza mchanga. Hilo ni bakuli: maji ya pande zote hushukia humo na kukaa. Inua tuta la sentimita 30 hadi 40, upana wa mita moja, kwa mchanganyiko wa kila ndoo mbili za udongo wa juu kwa ndoo moja ya mchanga mnene wa mto au changarawe. Kwenye udongo mweusi wa mbuga kule Usangu, tuta ni lazima. Udongo mwekundu wenye tindikali uchanganye na chokaa ya kilimo, kama gramu 200 kwa kila tuta. Samadi usiweke: hukuza matawi teketeke yanayolala, na maua hupungua. Mahali ambapo rozimari inastawi, hiki nacho kitastawi.

Mimi napendelea kupanda Machi, mvua zikielekea ukingoni. Udongo bado una unyevu, na mche hauna miezi mingi ya kuloa mbele yake. Mwezi wa kwanza mpe kila mche lita 5 kwa wiki; baada ya hapo lita 10 kila wiki mbili hadi mvua zirudi. Kiangazi cha pili, lita 20 kwa mwezi zinatosha, na kwenye udongo wenye kina unaweza kuacha kabisa. Tandaza kokoto unene wa sentimita 5, zisiguse shina. Nyasi kavu sizipendi hapa, kwa sababu hushika unyevu shingoni mwa mche na kuita mchwa.

Dalili ya kuoza mizizi hudanganya. Majani ya ndani hugeuka manjano na kupukutika, tawi hunyauka, na mwenye bustani akidhani ni kiu huongeza maji, ndipo mche unapokufa. Kabla ya kushika ndoo, ingiza kidole ardhini. Kama kuna unyevu, fukua udongo uliorundikana shingoni na usimwagilie tena mpaka pakauke.

Maua ni ya zambarau, mfano wa kengele ndogo, na huchanua kwa mkupuo hewa ikipata unyevu au mvua ikinyesha. Hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo anayekipunguza kwa mkasi kila mwezi ili kiwe mraba anayakata maua yenyewe. Pogoa mara moja kwa mwaka, Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, usizidishe theluthi moja, na usiteremke hadi kwenye sehemu ngumu ya tawi isiyo na majani. Kikiachwa hufika mita 1.5 hadi 2.4. Kwa ua, panda kila baada ya mita moja. Kikiwa peke yake, kiachie mita 2. Kinahitaji jua la saa 6 au zaidi. Chini ya mwembe kitarefuka na kupwaya.

Ukitaka kuongeza miche, kata ncha changa za sentimita 10, ondoa majani ya nusu ya chini na uzichomeke kwenye mchanga mnene uliooshwa. Funika kwa nailoni, lakini ifunue kila siku; yale malaika hushika maji, na majani yakikaa yameloa huota ukungu kabla mizizi haijatoka.