Miongozo ya kuwakinga vijana na itikadi kali: uzoefu wangu na wazazi wa Mbeya

Mimi ni mwalimu mlezi katika sekondari moja ya kata hapa Mbeya. Wazazi wetu wengi ni wakulima wa viazi wa Uyole na wafanyabiashara wa Mwanjelwa, na swali linalowanyima usingizi ni hili: nitajuaje kama mwanangu anarubuniwa kwenye simu? Nimetumia miongozo miwili inayopatikana bure mtandaoni.

Wa UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2016 uliandikwa kwa ajili ya walimu. Darasani unafaa sana. Unaonyesha namna ya kuongoza mjadala mgumu bila kumzima mwanafunzi, na unatenganisha yanayomsukuma kijana, kama umaskini na kutengwa, na yanayomvuta, kama kipato na undugu wa kundi. Mzazi ukimpa hataumaliza.

Wa pili ulitolewa mwaka 2020, wakati wa korona, na PERIL, maabara ya utafiti ya American University ya Washington, pamoja na Southern Poverty Law Center, shirika la haki za kiraia la Marekani. Huo niliusoma kwa sauti kwenye kikao cha wazazi, nikiutafsiri kutoka Kiingereza. Mifano yake mingi ni ya wabaguzi wa rangi wa Marekani, iko mbali nasi. Lakini sehemu ya mazungumzo ni dhahabu: usimkejeli mtoto, usimwaibishe, msikilize kwanza.

Mama mmoja alinyanyuka: "Mwalimu, mimi wangu akinitamkia mambo hayo naanza na fimbo." Wengi waliitikia kwa kichwa. Tukabaki hapo muda mrefu, tukajaribu kuigiza: mzazi anauliza, "Hayo umeyasikia wapi, mwanangu? Anayekwambia hivyo anapata nini?" Baba mmoja alimaliza zoezi akasema hajawahi kumuuliza kijana wake swali lisilo la kumshtaki. Kwa hilo peke yake naupendekeza.

Orodha ya dalili itumieni kwa uangalifu. Usiri wa ghafla na lugha ya kuwachukia watu wa kundi fulani, sawa, vifuatilieni. Ila mtoto kuzidisha sala, kwenda mkesha au kuanza kuvaa kanzu si dalili ya chochote, na niliwaambia wazazi hivyo waziwazi, Wakristo na Waislamu wakiwa wamekaa pamoja.

Pengo kubwa la mwongozo huu wa pili ni ajira. Utafiti wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2023, uliofanywa katika nchi nane za Afrika, ulikuta kuwa asilimia 25 ya waliojiunga kwa hiari na makundi ya itikadi kali walitaja kazi kuwa sababu kuu. Waliotaja mawazo ya dini walikuwa asilimia 17. Kijana wa kidato cha nne anayeshinda kijiweni hahitaji kuhubiriwa. Inatosha aambiwe kuna kibarua kizuri ng'ambo ya mpaka na nauli italipwa. Na mpaka hauko mbali: vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilianza Oktoba 2017, na Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Mto Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Kwa hiyo niliongeza ukurasa wangu kuhusu ofa za kazi: nani anaajiri, mkataba uko wapi, kwa nini unaambiwa usiage nyumbani.

Namba za msaada zilizomo kwenye mwongozo huo wa pili ni za Marekani. Futeni, muandike 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto hapa Tanzania, pamoja na namba za afisa ustawi wa jamii wa kata yenu na kiongozi wa dini ambaye vijana wanamwamini.