Kamusi ya Kikorea kwenye Simu: Ipi Uanze Nayo, Ipi Uilipie

Nilipokuwa ningali mwanagenzi wa Kikorea nilikutana na sentensi fupi, 아이가 물어요, nikaliandika neno lake la pili kwenye kamusi ya bure niliyokuwa nimeipakua bila kuichunguza. Jibu lilikuja moja tu: kuuma. Nikaendelea kusoma nikiamini kwamba mtoto anamng'ata mtu, mpaka aya nzima ikakataa kuingia akilini. Kumbe mtoto alikuwa anauliza. Umbo 물어요 huzaliwa na vitenzi viwili tofauti: 물다, yaani kuuma, na 묻다, yaani kuuliza, ambacho konsonanti ya mwisho ya mzizi wake hugeuka ㄹ (sauti ya l au r) inapofuatwa na vokali. Kamusi ile haikukosea kutafsiri. Ilichokosa ni kunionyesha kwamba kulikuwa na njia panda, na kosa la namna hiyo ni gumu kulitambua kwa sababu jibu lililotolewa ni sahihi kwa upande wake.

Msemaji wa Kiswahili analielewa tatizo hili upesi. Hakuna anayefungua kamusi kutafuta “hawakumpigia”. Anavua viambishi kimoja kimoja mpaka afike kwenye “piga”. Kikorea nacho ni lugha ambishi bainishi, yaani hujenga maneno kwa kuunganisha viambishi, ila viambishi vya kitenzi hufuatana zaidi upande wa mkiani, na vidahizo vya vitenzi, yaani maumbo yanayoorodheshwa kwenye kamusi, huishia na 다 (da). Anayeanza hajui kuvua viambishi hivyo. Kwa hiyo sifa ya kwanza ninayoidai kwa kamusi ya simu ni kwamba nikiandika neno kama lilivyo kwenye sentensi, inifikishe kwenye umbo la kamusi, na kama maumbo hayo ni mawili, inipe yote mawili.

Sifa ya pili haizungumzwi sana, nayo ni kujua kamusi ilitungwa kwa ajili ya nani. Kamusi nyingi za Kiingereza na Kikorea zilitungwa kumsaidia Mkorea anayejifunza Kiingereza. Mkorea hahitaji kuelezwa tofauti baina ya maneno ya lugha yake, kwa hiyo kamusi hizo humwaga visawe vya Kikorea bila kusema kipi kinatumika wapi. Chukua kitenzi cha kuvaa, ambacho Kiingereza hukieleza kwa neno moja kama kifanyavyo Kiswahili. Kikorea hugawa kazi: nguo ni 입다, viatu na soksi ni 신다, kofia ni 쓰다, pete na glavu ni 끼다, saa ya mkononi ni 차다, na tai ni 매다. Mwanafunzi anayetoka Kiingereza kwenda Kikorea na kuchukua kisawe cha kwanza alichokiona atavaa viatu kwa kitenzi cha shati. Mkorea atamwelewa, pengine atatabasamu, lakini kamusi haitakuwa imefanya kazi yake.

Nafasi ya kwanza naipa Naver, programu ya bure ya kampuni ya Korea Kusini yenye jina hilo. Inakubali maneno yakiwa na viambishi vyake, inasoma mwandiko wa kidole kwa yule ambaye bado hajaizoea kibodi ya Kikorea, inatamka maneno kwa sauti, na inakuruhusu kuyahifadhi katika daftari lako la msamiati. Nguvu yake kubwa ni wingi wa mifano ya matumizi na mkusanyiko wa kamusi kadhaa mahali pamoja. Wingi huohuo ndio udhaifu wake. Ndani ya Naver kuna kamusi ya Kiingereza iliyotengenezwa kwa ajili ya Wakorea, na kuna kamusi ya Kikorea kwa Kiingereza iliyotengenezwa kwa ajili ya wageni; anayeingia kwa mlango usio wake atakutana na maelezo ya Kikorea kitupu na kudhani programu ni ngumu. Badilisha lugha ya menyu iwe Kiingereza, kisha hakikisha uko kwenye kamusi ya wanafunzi wa Kikorea. Mifano nayo isomwe kwa tahadhari, kwa kuwa si yote iliyopita mikononi mwa mhariri. Tena, imejengwa kwa mtu aliye kwenye intaneti. Anayesoma zaidi mahali pasipo na mtandao ataona upungufu huo mapema.

Ya pili, na kwa mtu aliyekwisha kuvuka hatua za awali ningeweza kuipandisha iwe ya kwanza, ni kamusi ya msingi ya wanafunzi inayotolewa na Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea, ileile iliyotoa Kamusi Sanifu ya Kikorea mwaka 1999. Hii ya wanafunzi ina takribani maneno 50,000 na hufafanua kila maana kwa lugha kadhaa za kigeni, Kiingereza kikiwemo. Sifa yake ni utulivu. Kila kidahizo kinaonyesha matamshi, maumbo makuu ya mnyambuliko, Hanja, yaani herufi za Kichina, pale neno lilipotokana na Kichina, na nyota zinazokuambia kama neno ni la ngazi ya mwanzo, ya kati au ya juu. Nyota hizo peke yake zinatosha kunifanya niipende, maana mwanafunzi hupoteza muda mwingi akikariri maneno adimu kwa bidii ileile anayoyakariri ya kila siku. Ukitafuta 나이, umri, na 연세, umri wa mtu unayemheshimu, utaona wazi kwamba la pili ni la adabu. Kasoro ni mbili. Imezoea kuulizwa kwa umbo la kamusi, kwa hiyo anayeleta 물어요 asitarajie msaada mkubwa; na mifano yake imeachwa kwa Kikorea bila tafsiri. Anayesoma polepole atafaidika na kasoro hiyo ya pili, lakini anayeanza itamchosha.

Ya tatu ni Wiktionary ya Kiingereza, kamusi huria ya mtandaoni ambayo watu huidharau kwa kuwa imeandikwa na watu wa kujitolea. Haina maneno mengi kama zile mbili, na ubora wa kidahizo kimoja hadi kingine hautabiriki. Lakini pale ilipoandikwa vizuri inakupa majedwali marefu ya mnyambuliko, asili ya neno, na matamshi yaliyoandikwa kama yanavyosikika. Hili la mwisho si dogo, kwa sababu Kikorea hakitamkwi daima kama kilivyoandikwa: 국물, supu au mchuzi, huandikwa “guk” na “mul”, ila mdomo husema “gungmul”.

Kamusi ya Daum, tovuti nyingine ya Korea Kusini, naiweka ya nne. Si mbaya hata kidogo, ila menyu zake ni za Kikorea, na sijaona jambo ambalo mwanafunzi atalipata humo akalikosa kwenye Naver.

Papago na Google Translate sikuzipanga kwa sababu ni programu za kutafsiri, si kamusi. Zinafaa kupata maana ya jumla ya sentensi, na Papago ina kitufe cha heshima kinachogeuza tafsiri ya Kikorea iwe ya adabu. Ila ukizipa neno moja pekee, zitakuchagulia maana. Neno 배 ni pea, ni meli, ni tumbo, na pia ni “mara” kama katika mara mbili. Ni sawa na kumpa mgeni neno “paa” bila kumwambia kama ni la nyumba, la mnyama au la kupanda angani.

Sasa pesa. Kwa kuwa zilizo bora ni za bure, lipa kwa sababu mahususi tu: kamusi inayofanya kazi yote bila intaneti, kuondoa matangazo, au kadi za kukariri zinazotengenezwa kutokana na maneno uliyoyatafuta. Usilipie idadi ya maneno. Data ya ile kamusi ya msingi ya Taasisi imetolewa kwa leseni inayoruhusu wengine kuitumia, hata kibiashara, mradi wataje chanzo na kile watakachotunga kutokana nayo wakitoe kwa leseni ileile. Kwa hiyo programu ya kulipia inaweza kukuuzia vidahizo vilevile ambavyo ungevisoma bure. Tazama sehemu ya maelezo ya programu uone kama chanzo kimetajwa. Programu isiyotaja chanzo chochote mimi siinunui. Vilevile siinunui ile inayoonyesha herufi za Kilatini kwanza na Hangul, yaani alfabeti ya Kikorea, pembeni, kwani herufi za msingi za Hangul ni 24 tu na hujifunzwa kwa siku chache, ilhali mazoea ya kusoma Kikorea kwa Kilatini huchukua miezi kuyaacha.

Kabla ya kulipa, tumia toleo la majaribio na uandike maneno matano: 물어요, 들어요, 걸어요, 몰라요 na 도와요. La pili linapaswa kukupa 듣다, kusikia, na 들다, kuinua. La tatu 걷다, kutembea, na 걸다, kutundika. La nne 모르다, kutojua. La tano 돕다, kusaidia. Programu inayokupa kitenzi kimoja kimoja kwa yale matatu ya kwanza ni ndugu wa ile iliyoniambia kwamba mtoto anauma.